Beleshi

Januari, Winnipeg. Kipimajoto cha benki
kimeandika thelathini na moja chini ya sifuri,
kisha kikazimika, kama kimeona haya.

Sisi tuko chini ya kanisa, ngazi kumi na nne,
penye harufu ya vitunguu, soksi mbichi na sabuni ya mche.
Marta Friesen amenikabidhi aproni na orodha:
magodoro ishirini na mawili,
mablanketi mawili kwa kila godoro,
mswaki mpya juu ya kila mto.
"Na majina," akasema, "usiyaandike kwa penseli."

Usiku wa kwanza nilitabasamu mno,
nikatabasamu hadi taya zikaniuma.
Nilipakua supu kama atoaye sadaka mbele ya kamera.
Mtu mmoja, barafu ikimyeyuka ndevuni,
akaonja, akaweka kijiko chini:
"Dada, chumvi hii mmeikusanya barabarani?"

Meza nzima ikaangua kicheko.
Mimi nilicheka mwisho, uso ukiniwaka.
Ndipo nikamuuliza jina,
nikiwa nimechelewa bakuli tatu.
Orville Sinclair. Alikuwa akipaka rangi matangi ya maji
katika kila mji ulio kando ya reli.
"Zamani nililipwa kupigwa na baridi," akasema.
"Siku hizi napigwa bure."

Delphine Roulette haketi.
Hula wima, mgongo ukutani, mfuko miguuni,
kamba yake imezungushwa kifundoni mara mbili.
Nilimvutia kiti. Akakisukuma kwa goti.
Nikakivuta tena.
Marta akanigusa kiwiko:
"Kiache hapo. Kukaribisha si kukalisha."
Nikakiacha.
Wiki nzima kiti kile kilikaa kando yake, kitupu,
na hata ukumbi ulipofurika
hakuna aliyekiomba.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nami siku zote niliyasikia kama maneno ya bahili,
mwenyeji anayehesabu matonge.
Basi usiku wa tatu nilitoka kumwaga taka.
Upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu,
theluji ikashuka kutoka paani, shehena nzima,
ikaujaza ule upenyo hadi kwenye kitasa.
Koti langu ndani. Funguo ndani ya koti.
Nikagonga. Nikagonga kwa ndoo.
Kiganja kikafuta ukungu kwenye kidirisha,
jicho moja likanikagua.
"Umejiandikisha?" Orville akauliza.

Alizungukia mlango wa chumba cha boila
akiwa na beleshi la kanisa, mpini umefungwa plasta,
akachimba bila haraka, bila neno,
akitupa theluji kushoto, ili upepo usiirudishe.
Mimi nisingelijua hilo la kushoto.
Dakika tisa. Vidole vya miguu
viliacha kuniita kwenye ya sita.
Dakika tisa tu. Sithubutu kuziita usiku.

Tangu hapo beleshi ni lake.
Jina lake liko kwenye orodha ya zamu,
kwa wino, kati ya Friesen na langu,
na supu haipakuliwi kabla hajaionja
na kukunja uso.

Lakini saa moja asubuhi kanuni hutusomba sote.
Taa zinawashwa zote kwa mpigo,
magodoro yanasimamishwa ukutani,
na Orville, aliyetufagilia ngazi tupite,
hupita mwenyewe, akashika njia ya maktaba
isiyofunguliwa hadi saa nne.
Mimi naingia kwenye gari lenye kiti cha kupasha moto.
Nimejaribu kutokiwasha.
Haimsaidii mtu. Nakiwasha.

Jana, Delphine aliuinua mfuko wake
akauweka kwenye kile kiti.
Hakuna aliyesema kitu. Marta aliendelea kukata mkate.
Mfuko umeketi sasa. Yeye bado amesimama,
ila kamba kifundoni
imebaki duara moja.